Kuuza Myford ML7: usikaze, usipake rangi

Mnunuzi anayezijua mashine za kukereza vyuma akiingia gereji, rangi haimshughulishi. Hushika gurudumu la mkono, akasogeza kigari kinachobeba kisu hadi karibu na kishikio cha taya tatu, akakitikisa. Kisha hukipeleka polepole mpaka mwisho wa reli. Kikicheza huku na kung'ang'ania kule, ameshajua anachotaka kujua.

Kazi nyingi za gereji ni za vipande vifupi. Reli huliwa sentimita zilezile za karibu na kishikio, na upande wa pili hubaki karibu kama ulivyotoka kiwandani. Muuzaji akikaza vibamba vya kigari ili mchezo uishe palipolika, kigari hukwama pasipolika. Dawa yake ni kusaga reli upya, na gharama hiyo mnunuzi ataikata kwenye bei. Ndiyo maana nasema kukaza siku moja kabla ya kuuza ni kujiumbua. Acha mchezo ulivyo, uutaje mwenyewe.

Mfano wangu ni Myford ML7, mashine iliyozoeleka sana katika karakana za nyumbani Uingereza. Iliundwa Beeston, Nottingham, kuanzia miaka ya 1940, na kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2011. Namba yake huanza na herufi K. Ya ndugu yake Super 7 huanza na SK. Ipige picha namba hiyo, maana mnunuzi huitumia kukisia mwaka wa kuundwa na kujua vipuri gani atafute.

Iuze ikiwa bado imefungwa kwenye benchi na umeme umeunganishwa. Mota ya fezi moja ni sifa kubwa kwa mtu wa nyumbani. Mashine nyingi za viwandani hutaka fezi tatu. Kereza kipande cha chuma mbele yake, bila kukiegemeza nyuma, kisha mpe maikromita apime ncha zote mbili. Zikitofautiana, msihukumu reli haraka: benchi iliyopinda huipinda mashine nayo, na vipande vyembamba vya bati chini ya miguu yake huweza kunyoosha mambo. Lijaribu hilo wiki moja kabla, si mgeni akiwa amesimama pembeni. Jaza pia vikombe vya mafuta, kwa sababu ML7 huzungusha mhimili wake ndani ya beringi za metali nyeupe, laini, zinazotegemea mafuta yanayodondoka tone kwa tone.

Pesa nyingi hupotelea kwenye boksi la vifaa. Mhimili wa ML7 una hesi ya inchi 1 na 1/8, meno 12 kwa inchi, kwa hiyo vishikio vyake haviingii moja kwa moja kwenye mashine yoyote tu. Kuviuza kimoja kimoja huweza kuleta jumla kubwa zaidi, nakubali, ila utabaki na mwili wa mashine usio na mteja. Hesabu pia gia za kubadilisha, moja moja. Skrubu ndefu inayovuta kigari imekatwa kwa inchi, meno 8, na gia moja ikikosekana, kuna hesi zisizokatika. Mwenye gia ya meno 127 aitaje kwenye tangazo: inchi moja ni milimita 25.4, na mara 5 ni 127 kamili. Kwa gia hiyo, mashine ya inchi hukata hesi za milimita bila kukadiria.

Siku ya kubeba, toeni mota na kiegemeo cha nyuma kwanza ili kupunguza mzigo, na mjihadhari: uzito umeelemea upande wa kishikio na mashine hupinduka kirahisi. Na asiwepo wa kuinua kwa kushika skrubu ndefu. Ikipinda, mashine uliyouza ikiwa nzima itafika kwa mwenyewe ikiwa mbovu.