Mandhari Yasiyo na Historia: Uhakiki wa Stempu za Kongo za Mwaka 1894

Stempu ya posta huonwa na wengi kuwa ithibati tu ya malipo ya barua. Hata hivyo ina picha, ina jina na ina thamani. Kwa hiyo ni matini, na kila matini huchagua la kusema na la kunyamazia. Stempu za kwanza za Dola Huru ya Kongo, za mwaka 1886, zilibeba uso wa Mfalme Leopold wa Pili. Katika toleo la 1894, ambalo wakusanyaji huliita Mols kwa jina la mchoraji Mbelgiji Robert Mols, uso huo ulipisha mandhari: bandari ya Matadi kwa santimu 5, Maporomoko ya Stanley kwa santimu 10, maporomoko ya Inkisi kwa santimu 25, na daraja la reli la mto Mpozo kwa santimu 50.

Kisanaa, toleo hili lastahili sifa. Picha nyeusi ndani ya fremu ya rangi humfanya mtazamaji ajione kana kwamba yupo dirishani. Lakini dirisha hilo laelekea upande mmoja.

Maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya leo, hayakuwa maji matupu. Wagenia walivua samaki hapo kabla Stanley hajafika. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliteuliwa kuwa liwali wa mahali hapo kwa niaba ya Leopold. Kati ya 1892 na 1894 Dola ilipigana na Waungwana, na mwaka 1893 vita vilifika Maporomokoni. Vita vilipokoma, stempu ikatoka: mada yake ni mto, si mji uliopiganiwa, jina lake ni la mgeni.

Daraja la Mpozo nalo ladai ushindi kabla ya wakati, kwani reli iliyoanzwa 1890 ilikamilika 1898. Hesabu rasmi ilikiri vifo vya Waafrika 1,800 na Wazungu 132 katika ujenzi huo. Stempu yatoa daraja, haitoi gharama yake.

Yaweza kujibiwa kwamba kipande kidogo cha karatasi hakiwezi kubeba vita wala makaburi. Jibu hilo lina ukweli nusu. Udogo hulazimisha uchaguzi. Hauamui uchaguzi uelekee wapi.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana matini nyingine ya kulinganisha: maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Humo Maporomoko yana watu, biashara na siasa. Hata hivyo msimulizi ni tajiri na mtawala. Mateka waliobeba pembe zake hawasemi. Matini hizo mbili hukosoana, lakini hakuna hata moja iwapayo Wagenia nafasi ya kunena.

Ubelgiji ilipoitwaa nchi mwaka 1908, picha hizohizo zilipigwa chapa ya maneno CONGO BELGE na kuendelea kutumika. Mwenye mali alibadilika bila picha kubadilika, kwa sababu tangu mwanzo zilikuwa zimeionyesha nchi kama mali. Mtafiti wa historia ya Kisangani azitumie stempu hizi kama ushahidi wa macho ya Dola, si wa mahali penyewe. Na sauti za Wagenia azitafute katika masimulizi ya wazee wao, si katika albamu za wakusanyaji.