Toleo la kwanza la Muyaka lilitoka kwa nani?



Juzi kwenye grupu yetu mwenzetu anayesomea kazi ya maktaba alituma picha ya kitabu cha zamani, akauliza: toleo la kwanza la Muyaka ni lipi? Watu wakajibu haraka: Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, Johannesburg, 1940, mhariri William Hichens. Jibu ni sahihi kabisa. Lakini mimi sikutosheka nalo, na leo nataka kusema kwa nini.

Tukumbushane kwanza. Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa, aliishi kama kuanzia 1776 hadi 1840. Yaani ni wa rika moja na wale washairi wa Kiromantiki tuliosikia majina yao shuleni: Wordsworth alizaliwa 1770, Byron 1788, Keats 1795. Keats alitoa kitabu chake cha kwanza London mwaka 1817, akiwa hai, akakishika mkononi. Anayeorodhesha matoleo yake ana pa kuanzia: kitabu, mwaka, mchapaji.

Muyaka hakushika kitabu chake hata kimoja. Mashairi yake yalitembea kwa midomo ya watu na kwa karatasi za hati ya Kiarabu, wakati Wamazrui wa Mombasa walipokuwa wanashindana na Seyyid Said. Mji ukaanguka 1837, naye akafariki miaka michache baadaye. Miaka ya 1880 ndipo mmisionari mmoja Mwingereza, William Taylor, alipoyakusanya Mombasa. Hakuyakusanya peke yake. Alisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji na mjuzi wa mashairi, aliyefariki 1890. Hichens akaja kuitegemea kazi ile. Karatasi za Taylor leo zimehifadhiwa London, kwenye chuo cha SOAS.

Sasa angalia. "Toleo la kwanza" lilitoka miaka mia moja baada ya mshairi kufa. Jina kamili la kitabu linaongeza kwamba habari za maisha ya Muyaka zimesimuliwa na Hichens. Kwa hiyo kwenye jina la kitabu kuna watu wawili, Muyaka na Hichens. Sikujua hayumo. Na orodha ya maktaba, kwa kawaida, inanakili kile ukurasa wa jina unachosema. Usipokuwa pale, umepotea.

Mimi ni mtu wa kilimo, nisameheni. Kwetu, ukichukua mti wa muhogo shambani kwa mtu, unajaza fishi: jina ambalo wenyeji wanauita, kijiji, tarehe, nani amekupa. Hatufanyi hivyo kwa adabu tu. Mti wa muhogo unabeba ugonjwa wa shamba ulikotoka. Mozaiki ikitokea, lazima ujue umetoka kwa nani, la sivyo unapanda ugonjwa kijiji kizima.

Nakala ya shairi nayo iko hivyo hivyo. Kwa desturi ya zamani, hati ya Kiarabu ilitumia alama moja kwa "e" na "i", na mara nyingi herufi moja kwa "p" na "b". Basi "sema" na "sima" (ndiyo bugali yetu) zinaweza kuandikwa sawasawa. "Pata" na "bata" pia. Anayehamisha shairi kwenda hati ya Kilatini anachagua kila neno, na uchaguzi wake unaingia ndani ya kitabu. Ndiyo maana si jambo dogo kujua ni sikio la nani lilisikia na mkono wa nani uliandika.

Simtukani Hichens. Bila yeye na Taylor, labda leo tusingekuwa na Muyaka wa kusoma. Kitabu cha Mohamed Abdulaziz kilichotoka Nairobi mwaka 1979 kinasaidia sana, maana kinayarudisha mashairi ndani ya siasa na maisha ya Mombasa, na msomaji anaelewa nani alikuwa anajibiwa. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko uchakavu wa jalada la 1940. Lakini kwenye orodha za vitabu adimu, wa 1940 ndiye mfalme, na wa 1979 anaonekana mdogo wake tu.

Kwa nini jambo hili linaniuma? Nilipokuwa naandika kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilizunguka mashamba ya hapa Mboko nikikusanya aina za muhogo. Mama mmoja mzee alinipokea vizuri. Tulipokuwa tunakata miti, aliimba wimbo mrefu, kila kipande kikimtaja mtu wa zamani na shamba lake. Nilijaza fishi ya muhogo vizuri kabisa. Wimbo sikuandika hata neno moja, na simu nilikuwa nayo mfukoni. Niliporudi mwaka uliofuata, nilionyeshwa kaburi lake. Watoto wake wanakumbuka sauti, maneno hawana.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa maktaba, endelea kuandika 1940. Lakini ongeza mistari mitatu: nani aliimba, nani alikariri, nani aliandika. Kwa Muyaka, jina la Sikujua liingie kwenye orodha kwa haki yake. Na sisi wa Fizi, ambao nyimbo zetu nyingi hazijapata hata toleo la 1940, tuanze na fishi. Kila mmoja wetu ana mzee mmoja nyumbani. Wiki hii keti naye, andika jina lake kwanza, ndipo uandike wimbo.