Fleti ya Masaki: Jinsi Milioni 4 za Tangazo Zinavyokaribia Milioni 5

Kodi ya fleti ya kifahari katika rasi ya Msasani, jijini Dar es Salaam, haitokani na idadi ya vyumba peke yake. Sehemu yake ni ardhi. Waingereza waliitenga Oysterbay kwa makazi ya Wazungu, Waasia wakajaa Upanga, Waafrika wakapimiwa viwanja Kariakoo na Ilala. Viwanja vile vipana vya Uzunguni, vyenye nyumba moja ya chini katikati ya bustani, ndivyo wawekezaji walivyovigeuza maghorofa. Anayepanga Oysterbay au Masaki leo hulipia bahari, ukaribu wa balozi na utulivu wa mtaa. Lakini fungu linalotofautisha jengo moja na jingine katika barabara ileile ni uwezo wa jengo kuishi bila kutegemea umeme wa TANESCO na maji ya DAWASA.

Hesabu ya umeme ni rahisi kuifanya, ingawa wapangaji wengi hawaifanyi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula takriban kilowati 1 kikifanya kazi kwa nguvu zote. Fleti ya vyumba vitatu huwa na viyoyozi vinne, pamoja na cha sebuleni. Jengo la fleti 24 likiviwasha vyote kwa pamoja linahitaji kilowati 96, kabla ya lifti, pampu, majiko na hita za maji. Jenereta iliyobeba mzigo wa kilowati 100 huchoma lita 25 hadi 30 za dizeli kwa saa. Ndiyo maana baadhi ya wenye majengo hufunga jenereta ya taa, soketi na lifti tu, na viyoyozi vinazimika mpaka umeme urudi. Matangazo ya majengo ya aina zote mbili yatasema jambo lilelile: jenereta ipo. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha, uliwaonyesha wapangaji nani amepanga jengo la aina gani. Mgao ule ulikwisha, ila hitilafu za laini na transfoma za mitaani zipo, na jenereta imebaki ndani ya bei.

Maji hufuata mkondo huohuo. Dar es Salaam hutegemea zaidi Mto Ruvu, na kina chake kiliposhuka Oktoba 2022, DAWASA ilitangaza mgao wa maji. Jengo lenye tangi kubwa chini ya ardhi huvuka siku kadhaa za aina hiyo bila wakazi kujua. Kisima si dawa kamili: karibu na bahari maji ya chumvi hupenya ardhini, kwa hiyo kisima cha rasini kinaweza kudai mtambo wa kuyachuja. Tena maji ya tangi la chini hupandishwa na pampu ya umeme. Bila tangi la juu ya paa, jenereta ikigoma, ghorofa ya nane inakosa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Gharama hizo, pamoja na walinzi, usafi, bwawa la kuogelea na matengenezo ya lifti, hukusanywa kama ada ya huduma. Mpangaji anapaswa kujua inakwenda kwa nani. Tangu sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo, kila fleti inaweza kuwa na hati yake, na wamiliki huendesha maeneo ya pamoja kupitia chama chao. Mwenye fleti anaweza kupokea kodi ya mwaka mzima huku ada ya huduma akiwa hajaipeleka. Deni ni lake, usumbufu ni wa mpangaji.

Kisha kuna kodi ya serikali. Kampuni inayompangia mfanyakazi wake hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi wa eneo hili hutaja bei wanayotaka ifike mkononi, baada ya makato. Tuchukue mfano wa fleti inayotangazwa kwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, yaani milioni 48 kwa mwaka. Wengi huongeza asilimia 10, wakapata milioni 52.8, na hapo wamekosea. Kiasi ambacho kikikatwa asilimia 10 kinabakisha milioni 48 ni milioni 48 gawanya kwa 0.9, yaani takriban milioni 53.33. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka ni kama 533,000. Ada ya huduma ikiwa 500,000 kwa mwezi, inaongezeka milioni 6. Jumla ni takriban milioni 59.87, sawa na shilingi 4,989,000 kwa mwezi, na hapo umeme wa LUKU haujanunuliwa wala amana haijawekwa.

Sarafu nayo ilikuwa gharama. Kwa miaka mingi fleti hizi zilitangazwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola iliuzwa karibu shilingi 2,500, na kufikia Oktoba ilikaribia 2,700. Kodi ya dola 1,500 ilipanda kutoka milioni 3.75 hadi 4.05 bila mtu kugusa mkataba. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilipiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na mikataba ya zamani ikapewa muda wa mpito. Hatari ya dola sasa iko kwa mwenye nyumba, hasa aliyejenga kwa mkopo wa dola, naye hujikinga kwa kifungu cha nyongeza ya kila mwaka. Kifungu hicho ndicho cha kubishania kabla ya kutia saini.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo nguvu kubwa iko kwenye karatasi. Kwa kuwa desturi ya jiji ni kulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, mpangaji akishalipa hana tena turufu ya kuzuia kodi. Mgogoro ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kitakachosomwa ni mkataba. Kama haukutaja vifaa ambavyo jenereta inabeba, ujazo wa tangi na nani hulipa dizeli, maneno ya dalali hayatamsaidia.