Sauti na Hoja katika Hotuba za Mwalimu Nyerere Zilizorekodiwa: Ulinganisho wa Hotuba ya Vita ya 1978 na ya Mei Mosi 1995

Utangulizi

Uhakiki wa hotuba za Mwalimu Julius Nyerere umeegemea maandishi kuliko sauti. Mkusanyo wake wa kwanza mashuhuri, Uhuru na Umoja, uliotoka mwaka 1966, una jina la Kiswahili sambamba na la Kiingereza, lakini matini yake ni ya Kiingereza. Hata hivyo, Watanzania wengi walimjua kwa masikio. Kwa msikilizaji wa Igogwe, wilayani Rungwe, ambako lugha ya nyumbani ni Kinyakyusa, hotuba haikufika kama kitabu. Ilifika kwa redio, tena kwa Kiswahili. Sehemu hii inashikilia kwamba rekodi kamili ndiyo matini ya msingi, na kwamba anayeitumia kama pambo la maandishi anaipoteza hoja yenyewe. Mwega wa mjadala ni msimamo wa Ruth Finnegan (1970) kwamba kazi simulizi haikamiliki bila uwasilishaji na hadhira yake.

Sauti yenye mamlaka: 1978

Novemba 2, 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Rais Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania ingepigana. Kiini cha hotuba hiyo ni utatu unaojulikana na kila Mtanzania mzima: nia, sababu na uwezo. Maandishi yanayoinukuu hayakubaliani hata juu ya mpangilio wa nomino hizo, jambo ambalo peke yake linatosha kumrudisha mtafiti kwenye rekodi.

Nguvu ya utatu huo ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kisiasa. Nomino inatangulia, kitenzi kinafuata, na kiambishi cha mwisho kinapatana na nomino: uwezo, tunao, nia, tunayo. Mzungumzaji anataja jambo, kisha anathibitisha kwamba lipo mkononi. Usambamba huo unazaa mizani inayoshikika baada ya kusikika mara moja. Ukitafsiriwa, upatanisho hutoweka na kubaki orodha ya mambo matatu.

Mizani hiyo lakini haikusikika mahali patupu. Tangu mwaka 1965, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa chombo cha serikali, na Tanzania Bara haikuwa na kituo kingine cha kushindana nacho. Hotuba ya 1978 haikuhitaji kumshawishi mpinzani. Ilihitaji kuwaunganisha waliokwisha kuvamiwa. Ndiyo maana ni fupi katika hoja na nzito katika takriri.

Sauti bila cheo: Mei Mosi 1995

Hali ilikuwa tofauti katika Uwanja wa Sokoine mjini Mbeya, Mei 1, 1995. Nyerere alikuwa ameacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umerejea mwaka 1992, na uchaguzi mkuu ulikuwa mbele. Mzungumzaji hakuwa tena na amri ya kutoa. Badala ya utatu wa kauli, alitumia visa, maswali na kejeli. Aliposhambulia ukabila, hakutoa fasili wala katazo: aliuliza watu wanayatakia nini makabila yao, swali lililoiachia hadhira ijijibu kwa kicheko.

Mfano ulio mgumu zaidi kuuhakiki ni kisa cha adhabu ya rushwa. Nyerere alikumbusha sheria ya mwaka 1963 iliyoweka adhabu za chini, pamoja na viboko 24: 12 mfungwa anapoingia gerezani na 12 anapotoka, akamwonyeshe mkewe. Katika maandishi, sentensi hiyo ni ya ukatili. Katika sauti, ni kichekesho. Kicheko kinawahi kabla ya tafakuri, na hadhira inajikuta imekubali adhabu kabla ya kuipima. Hapo ndipo ustadi wa Nyerere unapohitaji kuhakikiwa, si kusifiwa tu: balagha inayoalika jibu inaweza pia kulifunga.

Vipande na hoja

Vipande vya hotuba hizi husambaa leo redioni na kwenye simu. Kisa cha viboko kikisikika peke yake huwa sifa ya ukali wa kiongozi. Ndani ya hotuba nzima, ni ushahidi wa dai jingine: kwamba serikali huonekana kuichukia rushwa kwa sheria inazozitekeleza, na kwamba Ikulu si mahali pa biashara. Kipande hubakiza mfano na kuondoa dai, na mfano usio na dai unaweza kutumiwa na yeyote, hata yule aliyekuwa akionywa.

Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba sauti ileile ilijenga hoja kwa namna mbili: kwa mizani ilipokuwa na mamlaka, na kwa kisa ilipoyakosa. Tofauti hiyo haionekani katika nukuu. Rekodi nayo ina mipaka, kwa kuwa kipaza sauti kilinasa jukwaa na umati ulio karibu, si ukimya au mabishano ya waliosikiliza mbali, Igogwe ikiwamo. Kwa hiyo uhakiki wa hotuba za Kiswahili unadai mambo mawili: rekodi nzima zihifadhiwe na kusikilizwa, na kumbukumbu za wasikilizaji wa vijijini zikusanywe wangali hai.