Kusoma Mbinu Kabla ya Matokeo

Kazi huanzia kwenye swali, na swali halichukuliwi kama lilivyoletwa. Mama ana mtoto wa wiki sita. Ananyonya vizuri, hana homa, uzito unaongezeka, lakini ikifika magharibi huanza kulia na halali hadi usiku mkubwa. Mama anauliza kama kunyooshwa uti wa mgongo kwa mikono kutamtuliza mwanawe. Mwanafunzi ninayemtazama ni binti wa Mombasa. Anasomea kairopraktiki, yaani tiba hiyo ya kunyoosha uti kwa mikono, Afrika Kusini, ambako fani hiyo hufundishwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, na ambako hatamaliza masomo bila kuandika tasnifu ya utafiti. Kompyuta iko mbele yake, bado imefungwa. Anachukua penseli na kugawa karatasi sehemu nne: mgonjwa ni nani, atafanyiwa nini, atalinganishwa na nani, tutapima nini. Kwenye sehemu ya nne anaandika “nafuu”, anaitazama, anaifuta. Nafuu haipimiki. Badala yake anaandika: “saa za kulia kwa siku, kama zilivyoandikwa na mzazi kwenye daftari.” Sasa swali linaweza kujibiwa.

Ndipo anafungua PubMed, hazina ya makala za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Haandiki sentensi nzima. Kila sehemu ya swali anaipangia maneno yake. Kwa kilio cha mtoto anaorodhesha majina yote ambayo watafiti wamewahi kukiita, akiyaunga kwa “au”; kwa tiba ya mikono anafanya vivyo hivyo; kisha mafungu hayo anayaunga kwa “na”. “Au” hupanua wavu, “na” huubana. Kila anapobadilisha neno moja anaandika pembeni tarehe, maneno aliyotumia na idadi ya makala zilizotokea. Mtu mwingine akiichukua karatasi hiyo, aweze kupita njia ile ile na kufika pale pale.

Kinachofuata ni kuchambua. Anasoma vichwa vya makala kimoja kimoja, halafu ikisiri, halafu makala nzima za zile zilizobaki. Hakuna inayotupwa bila sababu kuandikwa: hii inahusu watu wazima, hii haina kundi la kulinganishia, hii ni maoni ya mwandishi. Mwenzake wa darasa anaichambua orodha hiyo hiyo kwenye meza nyingine bila kuona alama zake. Baadaye watakaa pamoja, na kila walipotofautiana watarudi kwenye makala yenyewe.

Zimebaki makala chache. Hapo namwona akifanya jambo lililonivutia kuliko yote: anachukua karatasi nyeupe na kuifunika sehemu ya matokeo.

“Matokeo yana ushawishi, kaka,” ananiambia. “Ukiyaona mapema na ukayapenda, utaisamehe mbinu mbovu.”

Anaanza na jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 1999. Anasoma polepole, kalamu mkononi. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu: anaweka alama ya vyema. Kundi moja lilinyooshwa uti, jingine likapewa dawa ya gesi ya tumboni. Nani alihesabu saa za kulia? Wazazi. Je, wazazi walijua mtoto wao yuko kundi gani? Walijua. Anapigia mstari sentensi hiyo. Mzazi aliyebeba matumaini hukisikia kilio kwa sikio jingine, na hapo hakuna anayedanganya. Baada ya hapo ndipo anaondoa karatasi: kati ya siku ya nne na ya saba, kilio kilipungua kwa saa 2.4 katika kundi la kunyooshwa, na saa 1 katika kundi la dawa. Anaiandika tofauti hiyo, na chini yake anaandika kwamba wazazi walijua.

La pili lilifanyika Bergen, Norway, likachapishwa mwaka 2001. Hapa anasoma kwa utulivu zaidi, maana mbinu imeundwa kwa makini. Watoto 100 waliandikishwa. Tisa waliondolewa kwa kukosa vigezo, watano wakaacha njiani, 86 wakamaliza. Anajumlisha namba hizo mwenyewe kuhakikisha hakuna mtoto aliyepotea kwenye hesabu. Baadhi walinyooshwa uti. Wengine walishikwa tu na muuguzi kwa dakika kumi, na wazazi hawakujua nani alifanyiwa nini. Anaondoa karatasi. Waliopata nafuu ya kiasi fulani ni 32 kati ya 46 walionyooshwa, na 24 kati ya 40 walioshikwa.

Anageuza namba hizo kuwa asilimia: takriban 70 kwa 60. Mtu mwenye haraka angetangaza ushindi wa pointi kumi. Yeye anatafuta mipaka ya tofauti hiyo kwa penseli: anapata kosa sanifu la kila kundi, anaunganisha, anazidisha kwa 1.96. Kwa makundi madogo namna hii, tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kati ya pointi 11 za hasara na pointi 30 za faida. Sifuri imo ndani. Anaizungushia duara.

Kisha kidole chake kinarudi kwenye 24 kati ya 40. Watoto hawa hawakunyooshwa chochote, na bado zaidi ya nusu walipata nafuu. Kilio cha aina hii kwa kawaida hupungua chenyewe mtoto akifikisha miezi mitatu au minne. Yeyote atakayemgusa mtoto wakati huo ataonekana amemponya. Kundi la kulinganishia huwekwa kwa sababu hiyo. Fani anayoisomea ilianza na simulizi la mtu mmoja: mwaka 1895, mjini Davenport, Iowa, D. D. Palmer alisema amemnyoosha uti Harvey Lillard, mhudumu wa jengo aliyekuwa na tatizo la kusikia, na usikivu ukarejea. Simulizi moja halina wa kulinganishwa naye. Binti huyu anaipenda fani yake, mikono yake imefunzwa kwa miaka, na bado anakubali ipimwe kwa kipimo ambacho mwanzilishi wake hakukitumia.

Majaribio mawili hayamtoshi. Anatafuta mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 kuhusu suala hilo hilo. Cochrane ni mtandao ulioanzishwa mwaka 1993, wenye jina la Archie Cochrane, daktari wa Uingereza aliyedai tiba zipimwe kwa majaribio ya nasibu. Mapitio yalikusanya majaribio sita yenye watoto 325. Yakijumlishwa, kilio kinaonekana kupungua. Yakibakizwa yale tu ambayo wazazi hawakujua, tofauti haithibitiki tena kitakwimu. Wachambuzi walihitimisha kwamba majaribio ni madogo na yana mianya mingi mno kutoa jibu la uhakika. Mwanafunzi anayanakili maneno hayo bila kuyalainisha wala kuyatia ukali. Hafanyi hivyo kwa kuichukia tiba ya mikono. Kwenye faili lake kuna karatasi nyingine ya maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, iliyojengwa juu ya mapitio ya mwaka 2019 ya majaribio 47 na washiriki 9,211. Humo kunyoosha uti kulionekana kufanya kazi sawa na tiba nyingine zinazopendekezwa, na ameandika hivyo kwa mwandiko ule ule.

Imebaki kumrudia mama. Mwaka 1996 David Sackett na wenzake walieleza kwamba utabibu wa ushahidi huunganisha utafiti bora, uzoefu wa tabibu na matakwa ya mgonjwa. Kwa hiyo jibu la binti huyu lina sehemu tatu. Kwanza, dalili za hatari za kuulizia na kuchunguza: homa, kutapika, kutoongezeka uzito. Pili, ukweli wa utafiti kwa Kiswahili chepesi: hatujathibitisha kwamba kunyoosha kunasaidia, na kilio hiki kwa kawaida huisha chenyewe. Tatu, nafasi ya mama kusema kinachomwelemea, na nani nyumbani anaweza kumpokea mtoto ili apumzike. Vyote vimeenea ukurasa mmoja.

Juu ya ukurasa ameandika tarehe ya utafutaji, na chini yake tarehe ya kuurudia. Majaribio mapya yatachapishwa, huenda jibu likabadilika, na yeye amekwisha kuacha nafasi ya kuliandika. Mikono hodari ya kairopraktiki hujulikana kwa jinsi inavyogusa. Nimejifunza kuiheshimu pia kwa subira inayoiambia lini isiguse.