Ustadi wa Kuthibitisha Kifo Kisicho na Kaburi

Aprili 1979, Douglas na Isabel Wilson, mtu na mkewe, walitoweka Melbourne, Australia. Walikuwa punda wa heroini katika mtandao wa Mr Asia, uliokuwa mikononi mwa Terry Clark kutoka New Zealand, na wenyewe walikuwa wameshatekwa na unga waliokuwa wakiubeba. Juni 1978, wakiwa Brisbane, walikaa na polisi wakaeleza mengi waliyoyajua kuhusu bosi wao, na sauti zao zikarekodiwa. Habari hizo zikavuja kutoka ndani ya vyombo vya dola hadi zikamfikia Clark. Mei 1979 miili yao ilipatikana Rye, mji wa pwani kusini mwa Melbourne, imefukiwa kwenye kaburi lisilo na kina.

Mwili ukipatikana, mengi hujieleza. Daktari wa maiti ataonyesha risasi ilipoingilia, meno yatataja jina la marehemu, na hali ya mwili itasaidia kukadiria siku. Kazi ninayotaka kuisifu hapa ni ngumu kuliko hiyo. Ni kazi ya hakimu mchunguzi wa vifo anayeletewa jalada la watu wawili waliohusishwa na biashara ya dawa za kulevya, walioonekana mara ya mwisho wakiingia kwenye gari, kisha kimya. Kaburi hakuna. Walioshuhudia hawataki kuitwa mashahidi. Hakimu anatakiwa aseme kama watu hao wamekufa, na akishasema hivyo aeleze ni lini, wapi, kwa sababu gani na katika mazingira gani. Kadiri ninavyozisoma ripoti za mahakama za uchunguzi wa vifo, hasa za jimbo la New South Wales, Australia, ndivyo ninavyozidi kuwavulia kofia wanaoifanya kazi hiyo.

Cheo chenyewe ni cha kale. Uingereza ilikianzisha rasmi mwaka 1194, enzi za Mfalme Richard wa Kwanza, na mwanzoni mwenye cheo alishughulikia zaidi mapato ya mfalme kuliko machozi ya wafiwa. Baadaye kikasafiri na himaya hadi Australia, na sheria iliyokizaa ikafika hadi Kenya na Tanganyika. Huko New South Wales leo kinaongozwa na sheria ya mwaka 2009, na tangu 2018 makao ya mahakama hiyo yako Lidcombe, magharibi mwa Sydney, chini ya paa moja na madaktari wa maiti.

Tazama walivyoamua kuhusu Donald Mackay. Huyu hakuwa mlanguzi, alikuwa adui wa walanguzi. Alikuwa na duka la samani katika mji wa Griffith, New South Wales, na taarifa zake ndizo zilizowafikisha polisi kwenye shamba kubwa la bangi huko Coleambally mwaka 1975. Jioni ya tarehe 15 Julai 1977 alitoka kwenye baa ya hoteli akaliendea gari lake, na nyumbani hakufika. Gari lilikutwa palepale maegeshoni. Lilikuwa na damu, funguo zilikuwa chini, na jirani yake palikuwa na maganda matatu ya risasi ndogo za .22. Mhasibu mmoja aliyechelewa kazini katika jengo la karibu alikuwa amesikia sauti kama ya mtu anayetapika au kugumia, na milio kama ya mjeledi.

Kila kimoja kati ya hivyo, kikisimama peke yake, ni dhaifu. Damu inasema mtu ameumia, haisemi amekufa. Maganda yanasema bunduki ililia, hayasemi ilimlenga nani. Funguo zinasema alilifikia gari lakini hakupata nafasi ya kulifungua. Masikio ya mhasibu yanatoa saa. Ustadi uko katika kuviweka pamoja bila kukilazimisha hata kimoja kiseme zaidi ya kinachokijua. Mwaka 1984 uamuzi ulitoka: Mackay alikufa, na kilichomuua ni majeraha ya risasi alizopigwa kwa makusudi. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Mwaka 2013 polisi walichimba shamba moja karibu na Hay kwa kufuata fununu, wakarudi mikono mitupu. Uamuzi wa 1984 haukutikisika, kwa sababu haukuwa umejengwa juu ya tumaini la kupata mifupa.

Lakini Mackay alikuwa na nyumba, mke, watoto wanne na duka la kufungua asubuhi. Mtu wa namna hiyo asipoonekana kwa siku moja, kutoonekana kwake ni ushahidi tosha kwamba pana jambo. Kwa mtu na mkewe wanaoishi kwa unga, mambo ni kinyume. Kutoweka ni sehemu ya kazi yao. Wana majina mawili au matatu, simu hubadilishwa kila mara, nyumba imepangishwa kwa jina la rafiki, fedha ni taslimu. Wana wadai wa kuwakimbia, polisi wa kuwakwepa na pasipoti ambazo huenda serikali haina habari nazo. Wakinyamaza mwaka mzima, jirani atasema wamehamia Thailand, na jirani huyo hatakuwa mjinga kusema hivyo.

Hapo ndipo subira inapoanza. Wapelelezi wanaomwandalia hakimu jalada hutafuta dalili za uhai, na hutafuta kila mahali ambapo mtu aliye hai hulazimika kuacha alama. Benki, kodi, bima ya afya, leseni ya udereva, malipo ya ustawi wa jamii, rekodi za uhamiaji, orodha ya wapiga kura, hospitali na magereza ya kila jimbo. Majibu huja karatasi moja baada ya nyingine, na karibu yote yanasema neno lilelile: hakuna. Msomaji wa haraka ataziruka kurasa hizo. Mimi huzisoma polepole, maana uzito wa uamuzi mzima umelala humo. Hakuna moja haina maana. Hakuna arobaini, kutoka ofisi arobaini zisizojuana, si jambo la kupuuza.

Hata hivyo hakimu mzuri haridhiki na hakuna za serikali, kwa sababu anajua watu hawa waliikimbia serikali hata walipokuwa hai. Anatafuta kile ambacho hata mtu anayejificha hawezi kukiacha. Chukua rejista ya methadoni. Huko Australia, mraibu wa heroini aliye kwenye tiba hiyo huja mwenyewe kwenye duka la dawa au kliniki, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na mhudumu huandika. Mtu anaweza kumkimbia mdai na kumdanganya mama yake, ila mwili uliozoea dawa hiyo haukimbiliki. Mistari ya sahihi inapokatika siku moja, bila ombi la kuhamishiwa mji mwingine wala dozi ya safari, ukurasa ule mmoja unaweza kusema zaidi ya mashahidi kumi. Vivyo hivyo na simu ya kila Jumapili kwa mtoto aliyeachwa kwa bibi. Walanguzi nao hupiga simu nyumbani, na wachunguzi wanaolikumbuka hilo ndio wanaofika mbali.

Kisha wanaingia mashahidi, na hapa ndipo ninapostaajabu zaidi. Katika mahakama hii hakuna mshtakiwa. Hakimu hafungwi na kanuni zote za ushahidi zinazoibana kesi ya jinai, hata maneno ya kusikia yanaweza kupokelewa na kupimwa. Wakili anayemsaidia hakimu huanza kuuliza, na kazi yake si kumshinda mtu. Mbele yake ameketi mwanamume aliyenunua unga kwa marehemu, au aliyemwazima mtu gari usiku ule, na amekuja na wakili wake aliyemfunza sentensi moja: sitajibu, nisije nikajitia hatiani. Sheria ya 2009 inampa hakimu njia. Ikiwa masilahi ya haki yanadai hivyo, anaweza kumwagiza shahidi ajibu, naye shahidi akapewa hati inayozuia jibu lake kutumiwa dhidi yake baadaye, isipokuwa amesema uongo kizimbani. Kinga hiyo ikishatolewa, wakili stadi haulizi nani aliwaua. Swali hilo shahidi amelifanyia mazoezi. Anaulizwa gari liliuzwa lini, nani alilipeleka kuoshwa, kwa nini zulia la nyuma lilibadilishwa, mbwa wa wale wawili alilishwa na nani wiki ile. Uongo mkubwa watu huuandaa kwa miaka. Uongo mdogo wengi huutunga palepale, na wawili waliotunga kila mmoja kivyake hawapatani.

Yote hayo yakishakusanywa, yanapimwa kwa mizani ya uwezekano, yaani lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, na si kwa kipimo cha kuondoa shaka yoyote ya msingi kama katika kesi ya jinai. Lakini mizani hiyo ina ukali wake, na asili ya ukali huo inanigusa. Mwaka 1938 Mahakama Kuu ya Australia iliamua shauri la talaka, Briginshaw dhidi ya Briginshaw, ambamo mume alidai mkewe alizini. Jaji Owen Dixon alieleza kwamba jambo likiwa zito, akili ya hakimu haina budi kushawishika kwelikweli, na ushahidi wa kubahatisha hautoshi. Shauri la nyumba moja lenye uchungu wa watu wawili ndilo leo linalomzuia hakimu wa Lidcombe asimtangaze mtu kuwa marehemu kwa sababu tu ni mlanguzi na hajaonekana.

Uamuzi wenyewe, ukiusoma, ni mfupi. Jina. Kwamba amekufa. Tarehe fulani au karibu na hapo. Mahali, kama panajulikana. Sababu, na namna kifo kilivyotokea. Wale wawili, hata kama walitoweka ndani ya gari moja usiku mmoja, kila mmoja huandikiwa uamuzi wake. Hilo si urasimu mtupu. Katika New South Wales, ikiwa haijulikani nani alitangulia kufa, sheria ya mirathi huchukulia kwamba mkubwa kwa umri ndiye aliyetangulia, na mpangilio huo unaweza kuhamisha nyumba kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Nampenda zaidi hakimu anapoandika kwamba mahali hapajulikani na sababu haijulikani. Baada ya wiki za ushahidi, na familia imejaa viti vya mbele, kishawishi cha kuwapa hadithi kamili ni kikubwa. Anayekubali kuandika haijulikani katika nafasi mbili, ili nafasi nyingine tatu ziaminike, ni fundi kamili.

Na kuna jambo moja analokatazwa kabisa. Uamuzi wake hauruhusiwi kusema, wala kuashiria, kwamba mtu fulani ametenda kosa. Akiona ushahidi unaweza kulishawishi baraza la wazee wa mahakama kumtia hatiani mtu anayejulikana, hupeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na kukaa kimya. Wengi huliona hilo kama udhaifu. Kwangu ndilo linaloipa kazi hii heshima yake. Kwa upande wa kina Wilson, James Bazley alitiwa hatiani mwaka 1986 kwa mauaji yao, na pia kwa njama ya kumuua Mackay. Hiyo ilikuwa kazi ya mahakama ya jinai, yenye mshtakiwa aliyepewa nafasi ya kujitetea, naye akaendelea kukana. Mchunguzi wa vifo anasimama upande wa marehemu. Haulizi kama aliuza unga, au kama aliyataka mwenyewe. Punda wa heroini na mwenye duka la samani wanaulizwa maswali yaleyale, na kila mmoja anastahili majibu ya kiwango kilekile.

Ustadi huu si mgeni kwetu Afrika Mashariki. Padri John Kaiser, mmisionari Mmarekani nchini Kenya, alipokutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha, Agosti 2000, ripoti ya FBI iliegemea upande wa kujiua. Uchunguzi wa kimahakama ulianza Nairobi mwaka 2003, ukawasikiliza mashahidi kwa miaka, na tarehe 1 Agosti 2007 Hakimu Maureen Odero akaamua kwamba padri aliuawa. Alisema hawezi kuwataja wauaji kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, akataka upelelezi uendelee. Ni nidhamu ileile, ikiwa na fedha kidogo na vizuizi vingi zaidi.

Kenya ilipitisha sheria ya kuunda idara maalumu ya uchunguzi wa vifo mwaka 2017, na kwa miaka mingi ikabaki kwenye karatasi. Wabunge waulizwe kuhusu hilo. Lakini aliyepotelewa na ndugu hana haja ya kungoja. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya Kenya, kifungu cha 386, inamtaja pia mtu aliyetoweka na anayeaminika amekufa, na kifungu kinachofuata kinamwezesha hakimu kuchunguza kifo chake na kupendekeza kipindi cha miaka 7 cha kungojea kabla ya mtu kuhesabiwa amekufa kipunguzwe. Nenda kituo cha polisi, taja kifungu hicho, na udai kifo cha ndugu yako kichunguzwe, hata kama watu wanasema alikuwa muuza unga.