Kujiona na Kuzinduka: Lugha ya Uganga katika Mabango ya Kangemi na katika Riwaya za Kezilahabi

Kandokando ya barabara ya Waiyaki, pale magari ya abiria yanapopunguza mwendo kuingia Kangemi, nguzo za umeme hubeba maandishi ambayo wahakiki wa Kiswahili hawajayapa nafasi yastahiliyo. Ni mabango ya waganga. Matini yake ni mafupi na huandikwa kwa utaratibu unaojulikana: kwanza asili ya mganga, aghalabu Ukambani, Tanga au Sumbawanga; kisha orodha ya haja, yaani mapenzi, kazi, kesi, mali iliyopotea, nguvu za kiume; mwisho nambari ya simu. Yawezekana kwamba hakuna matini mengine ya Kiswahili kuhusu kuona yasiyoonekana ambayo husomwa na watu wengi zaidi katika mtaa huo.

Ukiyachunguza mabango hayo kama utungo, jambo moja hujitokeza. Aonaye ni mganga peke yake. Msomaji hukaribishwa kama mtu mwenye adui, mwenye mpenzi aliyetoroka, mwenye mwajiri mkaidi. Haulizwi hata mara moja yeye mwenyewe ni nani, wala amefanya nini. Kila tatizo liko nje yake. Hapa ndipo bango linapoachana na lugha ile ile linayoitumia, kwa maana msamiati wa uganga katika Kiswahili umebeba fikra pana zaidi kuhusu nafsi na utambuzi.

Neno mteja, kwa mfano, ambalo leo ni la duka na benki, zamani lilikuwa la mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa mganga. Mteja hakuwa mnunuzi tu. Alikuwa mtu aliyeingia katika miiko na mafunzo. Kiti, katika ngoma za pepo za mwambao, ni mtu anayepandwa na pepo. Istilahi hiyo haisemi kwamba nafsi imefutwa. Yasema kwamba nafsi ni mahali, na kwamba mwingine aweza kuketi hapo kwa muda na kusema. Kuagua nako kuna pande mbili: kubashiri au kufasiri ndoto, na pia kuondoa uchawi. Anayefasiri ndiye anayefungua.

Lenye maana kuu kuliko yote ni kitenzi zindua. Kimesimama mbele ya zindika kama bandua mbele ya bandika na funua mbele ya funika. Kuzindika ni kuweka kago au kinga. Kuzindua ni kuitangua, na ndiyo sababu kuzinduka ni kurudiwa na fahamu. Kwa mantiki ya mnyambuliko huu, mtu asiye na utambuzi si mtu aliyepungukiwa na maarifa. Ni mtu aliyefungwa. Haongezewi kitu, huondolewa. Kinyume chake ni kujiona, ambako Kiswahili kimekufanya kuwa kiburi: ajionaye ndiye asiyejitambua. Lugha iliyofika hapo yenyewe haihitaji kuazima falsafa ya utambuzi kutoka ng'ambo.

Hata hivyo kuazima kumefanyika. Neno shamani, lililotoka kwa Waevenki wa Siberia na kuenezwa na wataalamu wa dini, hasa baada ya kitabu cha Mircea Eliade cha mwaka 1951, sasa hutumiwa kwa kila mponyaji wa kila bara. Vitabu vya Carlos Castaneda, kuanzia kile cha 1968, vililipamba zaidi kwa hekima ya kuishi kwa uangalifu, ingawa Richard de Mille alionyesha mwaka 1976 jinsi tarehe na matukio ya masimulizi hayo yanavyopingana. Kwa Eliade, alama ya shamani ni roho inayosafiri. Kiti cha pepo hakisafiri, hukaliwa. Na "mundu mugo" wa Wakikuyu, ambao ardhi ya Kangemi ilikuwa yao kabla ya jiji kufika, hakukaliwa wala hakupaa: alimwaga mbegu za kibuyu chake, akahesabu, akauliza. Jomo Kenyatta, aliyekuwa na babu wa kazi hiyo, aliieleza mwaka 1938. Kuwaita wote shamani ni uvivu wa kufasiri.

Anayekaribia safari ya roho ni Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Riwaya hizi zimelalamikiwa kwa ugumu, na lawama hiyo si ya bure. Lakini ugumu wake una kazi. Msimulizi anamfuatia paa ambaye humwona kwa nukta tu, na wanafalsafa wa Ulaya anaokutana nao hawamwonyeshi njia. Hakuna wa kumwonea. Tasnifu ya mwandishi aliyoiwasilisha Wisconsin mwaka 1985 ilikuwa imekwisha kuutilia shaka mgawanyiko wa mwenye kuona na kinachoonwa. Riwaya zinaugeuza mgawanyiko huo kuwa mashaka ya msomaji mwenyewe. Msomaji hupotea ili azinduke. Bango la nguzoni haliwezi kuthubutu hivyo, maana lingekosa wateja.

Dosari ya Kezilahabi ni nyingine. Ngoma ipo katika Nagona, lakini wanaoicheza ni alama zaidi kuliko jirani. Kilingeni kuna shangazi aliyelipa ada, kuna wapigaji waliochoka, kuna mume asiyeamini anayesubiri mlangoni. Utambuzi wa mgonjwa hupatikana mbele yao, na wao hushuhudia. Mtafutaji wa Kezilahabi hana shangazi.

Mwaka huo huo wa 1990 Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha matokeo ya mradi wake na wazee wenye hekima, akina Paul Mbuya Akoko, uliokuwa umeanza katika miaka ya 1970. Oruka alimtenga mwenye hekima anayehifadhi mapokeo na yule anayeweza kuyahoji. Kipimo hicho ni kizuri, na kingewaangusha waandishi wengi wa mabango. Tatizo ni kwamba mazungumzo yale yamewafikia wasomaji kwa Kiingereza, na kwa hiyo haiwezekani kujua mzee alitumia kitenzi gani pale tafsiri inaposema alifahamu.

Kangemi, Mluhya na Mkikuyu hupangisha nyumba moja na kuelewana kwa Kiswahili. Neno la kuona lililo kati yao ni lile la bango. Mabango yenyewe hayafanani: mengine husema mganga, mengine mtabibu wa tiba asili, na machache hutaja kuagua. Mvua huyaharibu kabla hajatokea wa kuyanakili pamoja na tarehe na mahali yalipobandikwa.